Monita mpya inaniumiza macho, ya zamani haikunisumbua: tatizo liko wapi?

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Kazi yangu ni kuhariri maandishi, na hukaa mbele ya kompyuta saa saba hadi nane kwa siku. Kwa miaka mingi nilitumia monita ya inchi 22 bila shida yoyote. Ilipoanza kufifia nikanunua nyingine ya inchi 27, yenye pikseli 1920 kwa 1080, na tangu hapo macho yangu hayana raha. Nusu saa tu ya kazi na macho yanaanza kuchoma, kisha kichwa kinabana juu ya nyusi. Ikifika jioni nikishika kitabu, herufi nazo zina ukungu. Siku za mapumziko, nisipoigusa, hali inatulia yenyewe.

Nilikwenda kwa mtaalamu wa macho, akanipima, akasema naona vizuri. Nikanunua miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, haikusaidia kitu. Nikafikiri pengine monita inawaka kupita kiasi, nikashusha mwangaza kutoka 80 hadi 15, na cha ajabu ni kwamba hapo ndipo maumivu yalipozidi. Nikirudi kwenye kompyuta yangu ya mpakato sina tatizo. Mwenzangu mmoja ana monita kama hii hii na anasema haimsumbui hata kidogo.

Je, monita inaweza kuumiza macho ilhali picha yake ni safi? Na nitapimaje mwenyewe kabla ya kutoa pesa tena?

Macho Mazito

JIBU

Macho Mazito, pole sana. Ndiyo, inaweza, na mwenzako kutosumbuka hakumaanishi kwamba unajidanganya. Watu hutofautiana sana katika kuhimili mambo tutakayoyaeleza hapa, kama wanavyotofautiana katika kuhimili mwendo wa gari au harufu ya rangi. Barua yako pia ina kidokezo kimoja kikubwa ambacho hatutaki kikupite: umepunguza mwanga, maumivu yakaongezeka. Kama tatizo lingekuwa ukali wa mwanga peke yake, ungepata nafuu. Kuzidi kwa maumivu kunatuelekeza kwenye namna monita yako inavyopunguza huo mwanga.

Nyuma ya kioo cha monita ya LCD kuna taa za LED. Ziko njia mbili za kuzififisha. Ya kwanza ni kupunguza umeme unaopita kwenye taa, nazo zikawaka kwa unyonge lakini bila kukatika. Ya pili, ambayo ni rahisi zaidi kuitengeneza, ni kuziacha ziwake kwa nguvu zote kisha kuzizima na kuziwasha upesi upesi, mara mamia kwa sekunde. Jicho linachanganya mwako na giza na kuona mwanga hafifu. Njia hii huitwa PWM. Mwangaza ukiwa 100 taa hazizimwi hata kidogo, lakini kila unaposhusha, muda wa giza unarefuka.

Chukua mfano wa monita inayowaka na kuzima mara 240 kwa sekunde. Kila mzunguko ni milisekunde 4.2. Ukiushusha mwanga hadi robo, taa inawaka kwa milisekunde moja hivi na kukaa gizani zaidi ya tatu. Ukiikazia macho huoni chochote kinachocheza, kwa sababu mara 240 ni kasi inayopita uwezo wa jicho lililotulia. Lakini jicho la mtu anayesoma halitulii. Linaruka kutoka kundi moja la herufi hadi jingine mara tatu au nne kwa sekunde, na katika kila mruko ule mwanga unaokatika huchora kwenye retina msururu wa alama zilizoachana badala ya mchirizi mmoja. Mhariri anafanya miruko hiyo kutwa nzima. Ndiyo maana kazi yako inakuweka pabaya kuliko mtu anayetazama filamu kwenye monita hiyo hiyo.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1989 mtafiti Arnold Wilkins na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa ofisini nchini Uingereza kuhusu taa za mirija, ambazo zilikuwa zikimetameta mara 100 kwa sekunde kufuatana na umeme wa gridi. Mirija hiyo ilipounganishwa na vifaa vinavyoiendesha kwa kasi ya takriban mara 32,000 kwa sekunde, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho yalipungua kwa zaidi ya nusu. Baadaye, mwaka 2015, taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa mwongozo wake namba 1789 kuhusu taa za LED. Kwa mujibu wa mwongozo huo, mwanga unaozimika kabisa katika kila mzunguko unahitaji kasi ya angalau 1250 Hz, yaani mara 1250 kwa sekunde, ili hatari iwe ndogo, na 3000 Hz ili usiwe na athari inayoonekana. Ukiuweka mfano wetu wa 240 Hz kwenye kipimo hicho, mwanga unaruhusiwa kupanda na kushuka kwa asilimia 19 tu, ilhali PWM huukata asilimia 100.

Sasa upime. Unahitaji simu yenye kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie. Zima taa za chumbani kwanza, maana balbu nyingi nazo humetameta, na mwako wake ukiakisiwa kwenye kioo utakudanganya. Fungua ukurasa mweupe ujaze skrini nzima, weka shata kwenye 1/1000 au 1/2000 ya sekunde, kisha tazama skrini kupitia simu huku mwangaza wa monita ukiwa 100. Halafu shusha hadi 15. Michirizi ya giza ikijitokeza na kunenepa kadiri unavyoshusha, umeshampata mtuhumiwa. Picha ikizidi tu kuwa nyeusi kwa usawa, bila michirizi, taa zako zinapunguzwa kwa njia ya umeme na itabidi tutafute kwingine.

Kama simu yako haina mpangilio huo, chukua kalamu nyembamba, ishike mbele ya skrini nyeupe iliyofifishwa, uitikise haraka kushoto na kulia. Kwenye mwanga usiokatika utaona kivuli kimoja kilichotandaa. Kwenye PWM utaona kalamu nyingi zilizoachana, kama meno ya kitana. Kipimo hiki kinakosea zaidi kwenye kasi kubwa, lakini kwa 200 au 300 Hz kinatosha.

Ukitaka namba kamili, chora mstari mwembamba mweupe uliosimama wima katikati ya skrini nyeusi. Weka shata kwenye 1/10 ya sekunde, kisha piga picha huku ukiisogeza simu kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa mwendo wa wastani. Mstari utajirudia pichani. Hesabu nakala zake na uzidishe kwa kumi: nakala 24 ni 240 Hz. Ukipata utando mmoja laini usio na mapengo, hakuna PWM, au ipo kwa kasi kubwa mno kwa kipimo hiki. Rudia kwenye mwangaza wa 100, 80, 60, 40 na 20. Zipo monita zinazotumia umeme hadi kiwango fulani na kuingia kwenye PWM chini ya hapo tu. Kama yako ni ya namna hiyo, kaa juu ya mpaka huo na huenda shida yako ikaishia hapo.

Kabla hujaihukumu, pitia menyu yake uone kama kuna kipengele cha kupunguza ukungu wa mwendo, ambacho mara nyingi huandikwa Motion Blur Reduction au jina linalofanana na hilo. Kinakusudiwa wachezaji wa michezo, na kazi yake ni kuzima taa kati ya fremu na fremu, yaani mmeto wa makusudi kwa kasi ya skrini yenyewe. Kwa anayesoma maandishi ni sumu. Kizime. Zima pia kontrasti inayojibadilisha yenyewe na HDR (mfumo wa kupanua tofauti kati ya mwanga na giza), kwa sababu huupandisha na kuushusha mwanga kila unapohama kutoka dirisha jeusi kwenda jeupe.

Tuseme kipimo kimethibitisha PWM. Tiba isiyo na gharama ni kuirudisha taa kwenye 100 na kupunguza mwanga kwa njia nyingine. Kwenye menyu ya monita shusha Contrast hadi kati ya 40 na 60. Kama bado inawaka sana, tumia mipangilio ya kadi ya picha kupunguza mwangaza kutoka upande wa kompyuta. Ile hali ya usiku ya Windows au macOS nayo inasaidia, si kwa sababu ya rangi ya bluu, bali kwa kuwa inapunguza jumla ya mwanga bila kugusa taa. Utapoteza kidogo: weusi utaonekana wa kijivu na tofauti ndogo za rangi zitafifia. Kwa kuhariri maandishi huo ni mzigo mwepesi, ila mtu wa picha asingeukubali.

Unajuaje nafuu ni ya kweli na si matumaini tu? Hapa tunakusihi ufanye jaribio ambalo watu wengi hawajisumbui kulifanya. Mwambie mtu akuandalie hali mbili zinazofanana kwa jicho: moja taa iko 100 na mwanga umepunguzwa na kompyuta, nyingine taa imeshushwa na kompyuta haikugusa kitu. Achague yeye ya leo, asikuambie. Fanya kazi saa moja, andika maumivu yako kwa namba kati ya 0 na 10, na kesho arudie kwa kuchagua tena. Baada ya siku sita linganisheni maandishi. Kama namba zako zinafuata taa bila wewe kujua ipi ilikuwa ipi, huna haja ya kubishana na mtu yeyote tena.

Hata hivyo, hatuamini kwamba kosa lote ni la taa. Monita yako ina tatizo la pili ambalo lingekuchosha hata kama taa zingekuwa bora kuliko zote: inchi 27 kwa pikseli 1920 kwa 1080 ni pikseli 82 tu kwa inchi, kila moja ikiwa na upana wa milimita 0.31. Ukikaa sentimita 50, jicho lenye afya linaziona pikseli zenyewe, hivyo ukingo wa kila herufi unakuwa na ngazi na ukungu. Jicho halina habari kwamba ukungu huo umo kwenye kioo. Huenda linazidi kujirekebisha likitafuta ukali ambao haupo, na misuli ya ndani inayoikunja lenzi inachoka. Ile hali ya kitabu kuwa na ukungu jioni inalingana sana na misuli hiyo kuchoka.

Dawa ya sasa ni umbali. Sogeza monita hadi sentimita 75 au 80 kutoka machoni, kisha kuza maandishi kwenye programu unayohariria mpaka uyasome bila kuinama mbele. Hakikisha kompyuta inatoa 1920 kwa 1080 kamili. Kwenye Windows tafuta ClearType, sehemu ya kunolea herufi, na upitie hatua zake zote, maana chaguo lililoifaa monita ya zamani huenda haliifai hii.

Kama umeunganisha kwa kebo ya HDMI, angalia jambo moja zaidi. Kadi ya picha wakati mwingine huidhania monita kuwa ni televisheni, ikapunguza taarifa za rangi njiani. Andika maneno mekundu kwenye mandhari ya bluu. Yakiwa na kingo zilizochafuka kuliko maneno meusi kwenye mweupe, nenda kwenye mipangilio ya kadi na uchague RGB yenye upeo kamili wa 0 hadi 255. Kisha ukague Sharpness kwenye menyu ya monita. Weka herufi nyeusi juu ya mandhari ya kijivu: ukiona utando mweupe kuzizunguka, imepandishwa mno, ishushe hadi utando upotee na uishie hapo, kwa sababu chini zaidi herufi zinakuwa na ukungu.

Urefu nao umebadilika bila wewe kuona. Kioo cha inchi 27 kina kimo cha kama sentimita 34, cha inchi 22 hakifiki 30. Kikikaa mezani pale pale, ukingo wa juu umepanda, na ukitazama juu kope zinafunguka zaidi na machozi yanakauka haraka. Ongeza hapo kwamba mtu anayekazia skrini hupepesa macho mara chache mno kuliko kawaida, na una maelezo kamili ya kule kuchoma. Shusha monita mpaka ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo, na uelekeze feni au kiyoyozi pengine. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20, upepese kwa kufumba kabisa.

Kuhusu miwani ya bluu, usijilaumu, inatangazwa kila mahali. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 17, yalihitimisha kwamba kwa muda mfupi lenzi hizo huenda hazipunguzi uchovu wa macho utokanao na kompyuta zikilinganishwa na lenzi za kawaida.

Kwa upande wa mtaalamu wa macho, rudi ukiwa na ombi mahususi. Kusoma chati iliyo mbali ni kipimo cha mbali. Pima umbali kati ya macho yako na monita kwa utepe, mpe namba hiyo, na umwombe apime jinsi macho yanavyolenga na kukutana kwenye umbali huo, pamoja na hali ya machozi. Ikiwa umevuka miaka 40 hili ni la lazima, kwani uwezo wa kulenga karibu hupungua kwa kila mtu. Lakini ukiona vitu viwili viwili, ukiona miale ya ghafla au vidoa vingi vipya, jicho likiwa jekundu na kuuma kweli kweli, au kuona kukipungua ghafla, acha majaribio haya yote uende hospitali siku hiyo hiyo.

Lipo pia suala la rangi za kubahatisha. Vioo vingi vya bei nafuu vina biti 6 kwa kila rangi, yaani ngazi 64, na hupata zile 256 kwa kubadilisha pikseli haraka kati ya ngazi mbili za jirani. Wapo wanaodai kuumizwa na hilo, ila ushahidi wake ni mwembamba ukilinganisha na wa taa, kwa hiyo liache la mwisho, baada ya kumaliza mengine.

Badilisha jambo moja kwa wakati, ulipatie siku mbili au tatu. Tungeanza na taa, kisha umbali na kimo, kisha herufi. Ukibadilisha yote Jumatatu na ukapona Jumatano, utakuwa hujui umeponywa na nini, na monita ijayo itakurudisha mwanzo.

Ukiweza, badilishaneni monita na mwenzako kwa mchana mmoja. Watengenezaji huweza kubadilisha kioo cha ndani bila kubadilisha jina la nje, kwa hiyo ya kwake huenda si sawa na yako. Ipige picha ya mstari kabla ya kuanza kazi. Kama ya kwake haina mapengo na haikuumizi, jibu unalo.

Ikibidi kununua, kwa inchi 27 tafuta pikseli 2560 kwa 1440, ambazo ni 109 kwa inchi, au baki kwenye inchi 24 kwa 1920 kwa 1080. Chagua stendi inayoshuka na kupanda. Maandishi ya Flicker-free kwenye boksi ni mwanzo mzuri, lakini kinachoaminika zaidi ni tathmini inayoonyesha grafu ya mwanga iliyopimwa kwa osiloskopu (kifaa kinachochora mabadiliko ya haraka ya umeme), na iwe imepimwa kwenye mwangaza wa chini, si 100 tu. Za OLED zichunguze kwa makini zaidi: pikseli zinawaka zenyewe na mwanga hushuka kidogo katika kila fremu, na mpangilio wa rangi ndani ya pikseli kwenye baadhi yake huacha kingo za rangi kwenye herufi. Dukani, wakiwa wamekuwashia kwa 100, omba ushushwe hadi kiwango unachotumia wewe, kisha toa simu au kalamu. Ukiagiza kwa mtandao, hakikisha una siku za kuirudisha, na usitupe boksi wala povu lake mpaka zipite.